Tupeane uzoefu: Jembe au Nyumba? Kuchagua mbunge enzi za chama kimoja

Mzee wa Kahawa (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Juzi mjukuu wangu wa kidato cha nne kanikatia kauli: "Babu, nyie hamkuwa na uchaguzi, chama kilikuwa kimoja." Nimecheka, maana nakumbuka vizuri nilivyopanga foleni 1975.

Kwa vijana: Tanzania Bara, kuanzia 1965, chama cha TANU kilikuwa peke yake, lakini jimboni walisimama watu wawili, wote wa TANU. Mkutano wa wilaya unawapigia kura waombaji, majina yanakwenda Halmashauri Kuu ya Taifa, yanarudi mawili. Mmoja anapewa alama ya Jembe, mwingine Nyumba, ili hata asiyejua kusoma achague. Ruksa kuzungumza Kiswahili tu, marufuku kugusa kabila, dini au rangi ya mtu.

Wagombea wetu walikuja pamoja, Land Rover moja ya chama, mmoja mbele mmoja nyuma, vumbi hadi kwenye kope. Chini ya mwembe, Jembe akaanza: "Nyumba isiyo na chakula ni kaburi!" Watu vigelegele. Nyumba akasimama taratibu, akajipangusa: "Na ukishalima, mvua ikinyesha, utajifunika jembe?" Mwembe mzima ukaangua kicheko. Bibi mmoja akauliza, "Na daraja?" Hakuna aliyemjibu.

Leteni yenu.

Mwana wa Pamba
Mimi ya kusimuliwa. Mwanza, 1965. Paul Bomani alikuwa waziri wa fedha, na mtu mzito kwenye ushirika wa pamba tangu enzi za mkoloni. Akaanguka! Baba alisema wakulima walikuwa na manung'uniko yao ya makato na bei, na siku hiyo ndiyo walipata pa kuyatua. Matokeo yalipotangazwa, baba hakuamini hadi alipoyasikia redioni mara ya pili. Sasa mtu aniambie hakukuwa na uchaguzi.

Mpwa wa Mjomba
Mkuu, taratibu. Mjomba wangu aliongoza kura za wilaya. Jina lake halikurudi. Hakuna barua, hakuna sababu. Alishashona hadi suti ya Kaunda kwa ajili ya bungeni. Aliivaa kwenye harusi zote za ukoo, na kila akiivaa watu wanamwita Mheshimiwa, yeye anatabasamu nusu. Mnachagua kati ya wawili waliokwisha kuchaguliwa, basi.

Binti Rufiji
Mwaka huohuo 1965 kwetu Rufiji Bibi Titi Mohamed alikosa ubunge. Yule yule aliyewatoa akina mama majumbani wakajiunga TANU miaka ya hamsini! Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa haupendi mjadala huo. Ukiuanzisha anakwenda kuangalia chungu jikoni hata kama hakuna kinachopikwa.

Wa Ng'ambo ya Bahari
Nyinyi mwajadili jembe na nyumba, sie Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi tulikaa hadi 1980 ndipo tukapiga kura ya Baraza la Wawakilishi. Kabla ya hapo wabunge wetu wa Muungano walikuwa wa kuteuliwa. Mwashukuru hamjui.

Foleni Ndefu (Kenya)
Jameni, mlikuwa na karatasi, na sanduku. Sisi 1988 tulipigwa mlolongo. Mchujo wa KANU, chama chetu pekee wakati huo: wakala wa mgombea anashika picha, wewe unasimama nyuma yake mchana kweupe. Bila kadi ya chama, husimami. Aliyepita asilimia 70 anaingia bungeni moja kwa moja, hakuna tena kura ya siri kwa kiti hicho.

Wakati huo nilikuwa na deni la sukari na mafuta ya taa kwa mwenye duka wetu. Nafika uwanjani, namkuta kasimama mlolongo wa pili, ananitazama. Miguu ikawa mizito kama nimekanyaga matope. Nikaenda kwa niliyemtaka. Kesho yake mkopo umekwisha, "leta pesa kwanza."

Mlolongo wetu ulizunguka uwanja ukapinda nyuma ya choo cha shule. Wa wenzetu uliishia kwenye goli. Karani akahesabu, akatangaza wa goli ndio mrefu. Sitataja ni wapi. Watu hawakupiga hata kelele, walikunja mikono ya mashati wakaenda nyumbani.

Kipusa wa Lubumbashi
Kongo ya Mobutu, kabla haijaitwa Zaire, 1970: kura ya rais, kadi ya kijani ni kukubali, nyekundu ni kukataa. Askari yuko mlangoni. Sasa baba mwenye watoto saba achukue nyekundu? Wabunge wa 1975 ndio walisomwa majina hadharani, tukapiga makofi, wamepita.

Mpwa wa Mjomba
Basi narudisha maneno kidogo. Afadhali suti ya mjomba. Mzee wa Kahawa, hujasema 1975 ulimpa nani?

Mzee wa Kahawa
Nyumba. Na hapa nilipo mama watoto kanisikia nikisoma michango yenu kwa sauti, kasema yeye alimpa Jembe. Tulikwenda kituoni pamoja, tukarudi pamoja, miaka yote hii kila mmoja akidhani mwenzake yuko upande wake. Leo chai nimejipikia mwenyewe.