Dodoso la simu kwa wanafunzi: nilitumie lilivyo?

Mwalimu_Ujiji: Wakuu, nafundisha kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Kigoma. Jumatatu binti mmoja kasinzia mpaka kalamu ikachora mstari daftari zima. Kumbe alikuwa na simu ya dada yake hadi saa tisa usiku. Nimepata dodoso la kupima uraibu wa simu, la Korea Kusini la 2013: maswali 10, kila jibu alama 1 hadi 6. Mpaka wa hatari ni jumla ya 31 kwa wavulana, 33 kwa wasichana. Linafaa?

Mzee wa Takwimu: Mpaka huo umetokana na vijana wa Korea, mwalimu. Swali moja linauliza maumivu ya kifundo cha mkono au shingo ukitumia simu. Mtoto anayebeba ndoo kila asubuhi si atasema ndiyo tu?

mama_wawili: Na wasiandike majina! Simu shuleni marufuku, nani atakiri?

Mwalimu_Ujiji: Shingo! Sikuliwaza hilo, na huyo binti ndiye mchota maji wa kwao. Basi nitaanza na watano, wanieleze kila swali wamelielewaje. Alama baadaye.

Mzee wa Takwimu: Waulize pia simu ni ya nani. Ya kuazima inarudi kwa mwenyewe.