Siku moja Lisbon na mke wangu: nifute nini kwenye orodha?

Mwana wa Mvita
Assalam aleikum ndugu zangu. Mwezi wa sita, inshallah, mimi na mke wangu tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Tumeweka akiba kwa muda mrefu na visa ya Schengen imetoka wiki iliyopita. Tunatua Lisbon Jumapili usiku, Jumatatu tunazunguka mjini, Jumanne tunakwenda Sintra, mji wa jirani, Jumatano tunaondoka.

Kwa hiyo Jumatatu nimepanga hivi: asubuhi Belém kuona monasteri ya Jerónimos, Torre de Belém na mnara wa mabaharia, halafu tramu 28, ngome ya São Jorge, mitaa ya Alfama, kanisa kuu, lifti ya Santa Justa, Praça do Comércio, na jioni tupande Senhora do Monte tutazame jua likitua.

Mke wangu ameisoma akaniuliza, "Na mimi nitaketi saa ngapi?" Goti lake la kushoto humsumbua kwenye vidato. Yeye anataka mambo mawili tu. La kwanza ni kaburi la Vasco da Gama, yule baharia Mreno, maana mke wangu ni mwalimu wa historia na kila mwaka hupeleka wanafunzi Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa. La pili ni mahali pa kuketi na kikombe akautazama mji. Sitaki safari hii aikumbuke kwa maumivu, lakini pia huenda tusirudi Ulaya tena. Nisaidieni.

Binti Pangani
Waaleikum salaam kaka, hongereni. Jerónimos hufungwa Jumatatu, na kaburi la Vasco da Gama limo humo! Geuza siku: Sintra iwe Jumatatu, mji uwe Jumanne. Jambo analolitaka mkeo kuliko yote ndilo mngelikuta na kufuli.

Mzee wa Almada
Naishi ng'ambo ya mto Tejo, mwaka wa tisa sasa. Binti Pangani amewaokoa.

Anzeni na Belém, tena mapema. Pandeni tramu 15 pale Praça da Figueira, mfike kabla mlango haujafunguliwa saa tatu na nusu, na tiketi mkate mtandaoni kabla. Kaburi limo ndani ya kanisa, mkiingia tu, upande wa kushoto, na la mshairi Camões liko kulia. Hakuna kupanda ngazi kulifikia. Mwambie mwalimu kwamba kwa Kireno kanisa ni *igreja*, na wataalamu wanasema hapo ndipo tulipopata "gereza". Yule aliyefika Mombasa mwaka 1498 amelala hapo kwenye jiwe lililochongwa kamba na merikebu. Mimi nilisimama pale muda mrefu bila kujua niwaze nini. Msimharakishe.

Torre de Belém mwitazame kwa nje, ngazi zake ni nyembamba za kuzunguka. Mnara wa mabaharia mtauona mkipita, ni wa mwaka 1960. Kisha kaeni kwenye mkahawa wa Pastéis de Belém mle vitumbua vyao vya maziwa na mayai, wanavioka tangu 1837. Msipange foleni ya kubeba, ingieni ndani, vyumba ni vingi.

Baada ya hapo rudini hotelini mlale. Mwezi wa sita jua huku linatua baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mkitoka tena saa kumi na moja jioni mna siku nyingine nzima. Basi 737 litawapandisha hadi ngomeni, halafu mshuke polepole kwa miguu kupitia Alfama.

Muuguzi Kigamboni
Mzee, yote sawa isipokuwa hapo mwisho. Goti bovu linateswa zaidi na kushuka kuliko kupanda, na yale mawe madogo ya njia za Lisbon huteleza. Nimewahi kuwatembeza wazazi wangu huko, mama alishuka mteremko mmoja tu wa Alfama na kesho yake hakutoka chumbani. Wapande tramu 12 hadi Portas do Sol. Inasimama palepale penye baraza, kuna kibanda cha vinywaji, na mapaa yote ya Alfama na mto viko mbele yao. Kurudi wachukue teksi. Tramu 28 waiache, hujaa mno na wezi wa mifukoni huipenda.

Mzee wa Almada
Nakubali, dada. Kwa goti hilo nilikosea.

Mama Zuhura, Malindi
Kaka, si lazima muongozane kila dakika. Yeye akilala mchana, wewe nenda ngomeni peke yako, mkutane jioni Portas do Sol. Sisi tulifanya hivyo Istanbul na chakula cha usiku kilikuwa na mazungumzo kwa sababu kila mmoja alikuwa na habari ya kumpa mwenzake. Chakula cha halali tafuteni mitaa ya Martim Moniz, Wabangladeshi wako wengi.

Mwana wa Mvita
Allah awalipe. Nimemsomea majibu yote. Santa Justa na Senhora do Monte nimezifuta kwa mkono wangu. Ngomeni amesema niende, ila nipige picha za mizinga kwa karibu, anataka kuilinganisha na ya Fort Jesus darasani. Teksi kutoka hotelini hadi Portas do Sol nitampangia mimi. Tiketi za Jerónimos za Jumanne nimekata sasa hivi.