Uchumi ukiyumba watu wanahamia gari dogo. Je, huwa wanabaki huko?

Geji Nyekundu ameandika:

Wakuu, habari za humu. Naomba mnisaidie kufikiri.

Nina gari la viti saba, injini lita 3.5. Tulilinunua familia ilipoongezeka, wakati ambao kujaza tangi halikuwa jambo la kujadiliwa mezani. Sasa hivi nikiwasha gari natazama mshale wa mafuta kabla ya kutazama kioo. Mwezi uliopita nimeanza kuweka daftari kwenye droo ya dashibodi, naandika tarehe, kilomita na lita. Wastani umetoka lita 14 kwa kilomita 100. Nimerudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Mume wangu anataka tuliuze tuchukue dogo. Kazini wenzangu watatu wameshauza ya kwao. Ila kuna kitu kinanizuia. Nasikia kila uchumi ukiyumba watu hukimbilia magari madogo, lakini nikitazama barabarani naona magari yanazidi kunenepa mwaka hadi mwaka. Sasa wale waliopunguza zamani walienda wapi? Kama kila mtu hurudi kwenye kubwa baadaye, nisije nikauza kwa hasara leo nikanunua kwa hasara kesho.

Mwenye uelewa wa historia ya jambo hili anifungue macho. Nawasilisha.

---

Mkaa Foleni ameandika:

Dada, uza. Mimi niliuza mara tu bei ilipoanza kupanda na sijajuta hata siku moja. Gari haliwezi kula kuliko watoto.

---

Fundi Spana ameandika:

Dada Geji, usiuze leo. Soma kwanza hapa.

Nina mwaka wa 26 gereji, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kumshikia mzee tochi akiwa chini ya gari. Kitu ambacho watu wanakichanganya ni kuiona migogoro yote ya uchumi kama mmoja. Kuna mgogoro wa mafuta, na kuna mgogoro wa mfuko. Wa mafuta hupunguza ukubwa wa magari. Wa mfuko huyazeesha.

Nianze na wa mafuta. Mwaka 1956 Mfereji wa Suez ulipofungwa, Uingereza iliingia kwenye mgao wa petroli kuanzia Desemba mpaka Mei 1957. Watu wakakimbilia vigari vyenye umbo la yai kama Isetta, ambayo mlango wake unafunguka puani, unaingia kama unayeingia kabatini. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya magari ya BMC, hakuvipenda kabisa, akamwagiza mhandisi wake Alec Issigonis atengeneze gari dogo lililo gari kweli. Mwaka 1959 ikatoka Mini: urefu mita 3 na sentimita 5, watu wazima wanne ndani.

Niliwahi kuishusha injini ya Mini ya zamani, na hapo ndipo nilipomwelewa yule bwana. Injini ameilaza mkingamo badala ya kuiacha ielekee mbele. Giaboksi ameiweka chini ya injini, vyote viwili vinaoga oili moja. Magurudumu ni inchi 10 tu, ukilishika tairi mkononi unadhani ni la mkokoteni. Kila sentimita aliyoipata kwenye chuma amempa abiria. Sasa nenda kafungue boneti ya karibu gari lolote la kawaida linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele: injini imelala mkingamo. Nadhani hata lako liko hivyo. Mgao wa miezi mitano ulikwisha, lakini alama yake ipo chini ya boneti za magari mengi duniani mpaka leo.

Kisha ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, na pipa lililokuwa dola kama 3 likakaribia dola 12 ilipofika Januari 1974. Uholanzi ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakaendesha baiskeli kwenye barabara kuu. Marekani ikashusha mwendo hadi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Magari yao ya kawaida ya familia, kama Chevrolet Impala, yalikuwa na urefu wa mita 5 na nusu na ushei. Honda Civic ya wakati huo ilikuwa mita 3 na nusu. Yaegeshe ubavu kwa ubavu, pua zikiwa sawa: Civic imeishia pale kwenye mlango wa nyuma wa mwenzake. Hivyo vigari vya Kijapani, ambavyo jana vilionekana vya wanafunzi, vikageuka kuwa gari la mtu mwenye akili.

Lakini sikiliza kilichofuata, maana ndicho ulichouliza. Foleni za petroli zilipokwisha, Wamarekani walirudi kwenye makubwa. Kufikia 1976 yalikuwa yanauzika tena vizuri. Hawakungoja hata kizazi kipite! Kilichozuia wasirudi moja kwa moja ni vitu viwili: sheria ya 1975 iliyowataka watengenezaji wafike wastani wa maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985, na mapinduzi ya Iran yaliyopandisha mafuta mara ya pili mwaka 1979.

Sheria yenyewe ilikuwa na tundu. Magari ya mizigo mepesi yaliwekewa kiwango cha chini, na haya makubwa ya familia yenye umbo la jipu, yaani SUV, yakahesabiwa upande wa mizigo. Kiwanda kikapata njia ya kuuza gari kubwa, lenye faida kubwa, kwa masharti nafuu. Ndiyo sababu moja ya unene unaouona. Nyingine ni usalama, na hiyo siwezi kuilaumu: milango minene, mifuko ya hewa, pua ndefu ya kupokea kishindo. Volkswagen Golf ya 1974 ilikuwa mita 3.7, ya sasa inakaribia 4.3. Civic ya sasa, ile ya buti, imepita mita 4.6. Jina ni lile lile la gari dogo.

Injini nazo zimekuwa hodari sana. Ila uhodari wenyewe kwa sehemu kubwa tumeulipia uzito. Hilo linaniumiza kila siku nikiinua gari kwenye jeki.

Sasa mgogoro wa mfuko. Miaka ya 1930 petroli haikuwa tatizo, tatizo lilikuwa kazi. Marekani ilitengeneza magari zaidi ya milioni 5 mwaka 1929, na mwaka 1932 hayakufika milioni moja na nusu. Ungetegemea gari dogo lipate soko, sivyo? Walijaribu. American Austin ilianza kuuzwa 1930, kigari kizuri tu, na mwaka 1934 kampuni ikafilisika. Mwenye pesa kidogo alipata gari kubwa lililotumika kwa bei hiyo hiyo au chini yake, na wengi zaidi walibaki na walilokuwa nalo wakalitia viraka. Gereji huwa hazifungwi nyakati hizo. Mimi hali ikiwa ngumu naziona gasketi na bushi zinabadilishwa kwenye magari ambayo zamani mwenyewe angeshayauza.

Mwaka 2008 migogoro yote miwili ilikuja pamoja, ndiyo maana unafundisha sana. Mei ya mwaka ule, Ford F-Series, pikapu kubwa iliyozoea kuongoza mauzo Marekani, ilipitwa na magari madogo kuliko yenyewe, Civic, Corolla, Camry na Accord, kwa mkupuo. Julai pipa likavuka dola 147. Aliyekuwa na gari kubwa alikwenda kuliuza akakuta kila mtu analeta kubwa na hakuna anayelitaka. Desemba pipa lilikuwa chini ya dola 40! Waliouza Julai walipoteza mara mbili. Hapo ndipo ninapokuzuia, dada. Wenzako watatu wameshauza, maana yake soko la magari kama lako limejaa sasa hivi.

Niambie unatembea kilomita ngapi kwa mwaka, na lini mara ya mwisho gari limeguswa breki.

---

Bibi Klachi ameandika:

Fundi ameeleza chuma vizuri. Mimi nieleze watu, kwa sababu si kweli kwamba wote hurudi.

Nilijifunza kuendesha mwaka 1980, mafuta yakiwa ya kutafutwa. Aliyenifundisha ni kaka yangu mkubwa, na somo la kwanza halikuwa klachi wala gia. Alinikalisha kwenye kiti nikiwa na kipande cha karatasi, akaniambia niandike safari zote za wiki, kisha nifute zile zinazoelekea upande mmoja nibakize moja. Injini ilikuwa haijawashwa bado. Mpaka leo nina umri wa kupumzika, mafuta yakishuka bei, bado siwashi gari kwa jambo moja. Najisikia vibaya mwilini kabisa, kama mtu anayemwaga maji safi.

Nilidhani ni ukaidi wangu tu. Baadaye nikasoma utafiti wa wanauchumi wawili, Christopher Severen na Arthur van Benthem. Waliwatazama Wamarekani waliokuwa na umri wa miaka 15 hadi 18, ule wa kuanza kuendesha, wakati petroli ilipopanda ghafla mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakawafuatilia kwenye takwimu za mwaka 2000, watu wazima wenye kazi zao. Walikuwa wanaendesha gari kwenda kazini kidogo kuliko wale waliopishana nao miaka michache tu. Na si kwamba walikuwa maskini zaidi. Walikuwa wamefinyangwa wakiwa udongo mbichi.

Kwa hiyo mtu aliyekomaa na gari kubwa hupunguza kwa shida na kurudi kwa furaha. Kijana anayejifunza wakati wa shida habadiliki kirahisi. Geji, una watoto wanaokaribia umri huo? Daftari lako waachie wao waandike.

---

Geji Nyekundu ameandika:

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, na mume wangu nimemsomea kwa sauti.

Fundi, natembea kama kilomita 9,000 kwa mwaka. Nikipata gari la lita 7 nitaokoa lita 630. Si kidogo, ila nilipoweka pembeni hasara ya kuuza sasa hivi, itachukua zaidi ya miaka mitatu kuirudisha. Breki sikumbuki. Juu ya paa kuna rafu ya mizigo tangu safari ya mwaka juzi, haijatolewa.

Shikamoo Bibi Klachi. Binti yangu ana miaka 16. Daftari nimemkabidhi jana.

---

Fundi Spana ameandika:

Rafu itoe leo hii, inapigana na upepo bure. Matairi yapime yakiwa baridi, ujaze kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, usijaze kwa macho. Kisha tembea kilomita kumi, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko zingine, kalipa, ile inayobana breki, imeng'ang'ania na unaburuta breki kila uendako. Peleka kwa fundi siku hiyo hiyo, hilo ni la usalama kabla ya kuwa la mafuta.

Na gari dogo utanunua. Sikukatazi. Nunua wakati wenzako wanakimbilia makubwa tena.

---

Mkaa Foleni ameandika:

Fundi umenipa la kufikiri. Niliuza wakati bei ya magari makubwa haijaanguka, ndiyo maana sikuumia. Nafuta ushauri wangu wa mwanzo.

---

Geji Nyekundu ameandika:

Narudi na majibu baada ya wiki tatu. Rimu ya nyuma kushoto ilikuwa moto, nywele za mkono zilisimama kabla sijaikaribia vizuri. Kalipa imesafishwa na pini zimebadilishwa. Rafu iko stoo. Binti yangu ndiye anayeandika, na ameongeza safu ya nne ambayo mimi sikuwaza kuiweka: "tulikuwa wangapi ndani." Safari 19 kati ya 31 nilikuwa peke yangu kwenye viti saba.

Wastani wa tangi la mwisho ni lita 12.3.