Naomba ushauri: viatu vya mbwa mzee mwenye baridi yabisi, msimu huu wa baridi na matope

BabaBosco

Wadau, hamjambo. Nina dume la miaka 11, Bosco, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji. Mwaka jana alipigwa picha ya eksirei, tukaonyeshwa nyonga ya kushoto imelika na goti la mguu huohuo limeanza kuota mfupa pembeni. Baridi yabisi. Yuko kwenye kaprofeni, dawa ya mbwa ya maumivu ya viungo; damu yake ilipimwa ini na figo kabla hajaanzishiwa, na kwa jumla dawa imemfaa.

Shida ni kwamba mwili umezeeka, roho bado. Akisikia mnyororo umeguswa tu, yuko langoni ananingoja. Tunakaa Ridgeways, Nairobi, na asubuhi tunaingia msitu wa Karura kwa lango la Kiambu Road. Mvua ya masika aliivumilia. Lakini tangu Juni iingie, nyasi ziko baridi hadi saa nne, njia haikauki, na pale pa kuteremka miguu ya nyuma inamtoka. Akiteleza mara moja, siku nzima anachechemea. Kokoto za njiani nazo zimemchubua nyayo.

Nilinunua viatu vya baridi katika duka moja hapa mjini. Soli ngumu kama ubao, ndani bitana nene ya manyoya. Matope yakaingia, bitana ikanywa maji, akawa anaburuta miguu. Mkanda nao ukamkata kwenye kile kidole cha pembeni kilicho juu ya mguu.

Kuna aliyepata viatu vinavyomfaa mbwa wa namna hii? Niagize nje, au kuna fundi hapa? Tafadhali msiniambie nimwache nyumbani. Daktari mwenyewe amesema atembee kila siku, pole pole, viungo visigande. Na mimi sipendi kumwona amelala langoni akitazama barabara.

Nyambura_wa_Karura

Pole kwa Bosco, na hongera kwa kutomkatia tamaa. Wengi hapa Nairobi mbwa akianza kuchechemea anafungiwa nyuma ya nyumba, basi.

Viatu vinavyouzwa kwa jina la viatu vya baridi vimebuniwa kwa nchi za theluji. Kule adui ni barafu na ile chumvi wanayomwaga barabarani kuiyeyusha, inayounguza nyayo. Ndiyo maana vina bitana ya joto. Sisi hatuna theluji wala chumvi. Julai yetu usiku inashuka hadi nyuzi 10 au 12, mchana manyunyu, chini udongo mwekundu unaoshika kila kitu. Bitana hiyo hapa ni sifongo tu. Wewe unahitaji kiatu chembamba, chepesi, kisicho na kitambaa cha ndani, chenye soli inayokunjika.

Wepesi usiuchukulie poa. Uzito ulio mwisho kabisa wa mguu huinuliwa na nyonga kila hatua, na nyonga ndiyo mbovu. Mbwa mzima hatausikia. Bosco atausikia.

Ukiagiza nje, Ruffwear wa Marekani wana viatu vyenye soli ya kushika. Ni vizuri, ila kwa mbwa mzee mimi naviona vizito kiasi. Kuna pia PawZ, ile mipira myembamba isiyo na soli wala mkanda, unamvisha mguu kama soksi. Haina uzito na mbwa anaendelea kuhisi ardhi. Lakini haimkingi dhidi ya kokoto, na kuipanua mdomo umvishe mbwa mwenye maumivu kunataka mikono miwili na subira. Pia haipitishi hewa, na mbwa hutoa jasho kwenye nyayo. Mkifika nyumbani ivue mara moja, umkaushe katikati ya vidole.

Kamau_KiambuRd

Mimi nina wasiwasi na hivi viatu. Kwenye matope mbwa hushika ardhi kwa makucha. Ukimvisha kiatu umemnyang'anya hayo makucha. Wangu ana miaka 10, nimemtembeza bila chochote miguuni na hatelezi. Badilisha njia tu. Karura ina njia tambarare nyingi, kwa nini mteremke?

Nyambura_wa_Karura

Kamau, kwenye udongo laini uko sahihi kabisa, na BabaBosco alizingatie hilo. Kwenye saruji iliyolowa, kabro na kokoto, makucha hayana pa kuchimba. Ndiyo maana mimi huvivua tukifika kwenye nyasi na kuvivisha tena tukirudi barabarani. Ni usumbufu, ndiyo. Na njia tambarare, naunga mkono. Kule kwenye maporomoko ya maji msimu huu pasikanyagwe na mbwa mwenye nyonga mbovu.

FundiNgozi_Kariokor

Habari ya hapa. Mimi ni fundi wa ngozi Kariokor. Kazi yangu ni viatu vya watu, lakini vya mbwa nimeshatengeneza, hasa vya mbwa wa walinzi.

Kinachoharibu viatu vya dukani ni kipimo. Watu wanapima mguu ukiwa hewani. Mguu wa mbwa ukibeba uzito unatanuka. Msimamishe Bosco juu ya karatasi kwenye sakafu ngumu, halafu mtu mwingine amwinulie mguu wa upande wa pili ili uzito uushukie ule unaoupima. Weka alama kushoto na kulia pale palipo papana zaidi, na mbele kwenye ncha ya makucha. Kwa Bosco msiuinue ule mguu wa nyuma usio na shida kwa muda mrefu, atakuwa amesimamia nyonga mbovu. Weka alama haraka, mshushe. Fanya hivyo kwa kila mguu peke yake, maana ya mbele huwa mipana kuliko ya nyuma. Kiatu kimoja hakitoshi yote minne.

Soli, watu hudhani tairi itafaa kwa sababu akala zinadumu. Kwa mbwa hapana, tairi haikunji. Mimi hutumia tyubu ya lori, safu mbili zilizogundishwa, nachonga mifereji ya kukingama upande wa chini. Ukiishika kwa vidole viwili lazima ikunjike bila nguvu. Isipokunjika, usilipe. Juu naweka turubai nyepesi, mshono unabaki nje usimsugue, na mikanda miwili mipana ya velkro badala ya mmoja mwembamba. Mkanda wa chini unakaa chini ya kile kidole cha pembeni, wa juu unapita juu yake. Kidole chenyewe kinabaki huru.

Kubana, kidole chako kidogo kiingie kwa shida kidogo. Kikiingia kwa ulaini, kiatu kitazunguka.

Otieno_MbwaWatatu

Kabla ya fundi, hebu mchunguze miguu kwenye mwanga mzuri. Funza huingia kwenye nyayo za mbwa na kati ya vidole, na ukimvisha kiatu juu ya funza unamtesa. Angalia kupe pia katikati ya vidole, hujificha hapo na chini ya masikio. Mkirudi kutoka Karura fanya hivyo kila siku. Homa ya kupe nayo huvimbisha viungo, kwa hiyo ukiona miguu miwili mitatu imevimba kwa mara moja, au hataki kula, usiseme ni baridi yabisi ileile. Apimwe damu.

Punguza makucha na unyoe manyoya yanayotokeza kati ya nyayo. Makucha marefu humfanya mbwa asimame akiegemea nyuma, na uzito wote unaishia kwenye nyonga.

MamaChui_Langata

BabaBosco, Chui wangu ana miaka 13 na yuko katika safari hiyohiyo. Mimi viatu nimeviweka mwisho, kwa sababu baridi ya mbwa haianzii miguuni. Inaanzia pale anapolala. Toa kitanda chake kwenye saruji, kiweke juu ya mbao au paleti, godoro nene. Asubuhi mfunike nyonga kwa shuka ya Kimaasai iliyokunjwa mara mbili, umfunge kwa mkanda mpana chini ya tumbo, na mzunguke uwanjani kwa dakika kadhaa kabla ya kutoka langoni. Chui akipashwa hivyo hatoki akiwa mgumu. Na gawanya matembezi. Mawili mafupi yanamfaa kuliko moja refu.

Ndani ya nyumba, kama una vigae, tandika mikeka kwenye njia anazopita. Soksi za watoto zenye vidoti vya mpira chini utazipata soko la Toi kwa bei ya mitumba, zinamshika vizuri sebuleni. Nje zinalowa, usijaribu.

Na jambo ambalo halipendezi kusemwa: ana uzito gani? Kuna utafiti uliofanywa Marekani kwa Labrador 48, wakafuatiliwa maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Hao waliokula kidogo waliishi karibu miaka 2 zaidi, na baridi yabisi ilichelewa kuwapata. Mpapase ubavuni. Kama huzihisi mbavu bila kubonyeza, hapo kuna dawa ambayo hainunuliwi.

Daktari_Mstaafu

Mengi yaliyosemwa hapa ni mazuri. Mimi nimesimama kwenye neno moja la BabaBosco: anaburuta miguu. Umesema aliburuta kwa sababu viatu vilikuwa vizito. Huenda. Lakini ni chotara wa German Shepherd, ana miaka 11, na uzao huo una ugonjwa wa uti wa mgongo unaoanza hivyohivyo, taratibu, nyuma, na wenyewe hauumi. Unaweza kukaa pamoja na baridi yabisi katika mbwa mmoja.

Tazama makucha ya miguu ya nyuma upande wa juu. Je, yamesagika? Halafu akiwa amesimama, shika mguu mmoja wa nyuma, ugeuze taratibu ili mgongo wa mguu uguse sakafu, huku ukimshikilia mwili. Mbwa mwenye mishipa ya fahamu mizima huurudisha papo hapo. Akichelewa, au akiuacha hivyo, apelekwe kuchunguzwa kabla hujatumia pesa kwenye viatu.

La pili, kwa wote wanaosoma. Ibuprofeni na diklofenaki za binadamu msimpe mbwa hata kipande. Zinatoboa tumbo na kuua figo. Na aliye kwenye kaprofeni asiongezewe prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa ushauri wa jirani. Hizo mbili kwa pamoja ni hatari.

BabaBosco

Asanteni sana, nyote. Daktari, nimetazama. Makucha mawili ya kati ya mguu wa kushoto nyuma yamesagika juu, ya kulia hayajasagika. Nikaugeuza mguu kama ulivyoeleza, akaurudisha, lakini sikuweza kuamua kama ni upesi wa kutosha. Usiku huo sikulala vizuri. Mama Chui, mbavu nazihisi kwa kubonyeza. Bakuli limeshapunguzwa.

Daktari_Mstaafu

Upande mmoja tu, tena ule wenye nyonga mbovu, kunanipa matumaini. Lakini usikae na shaka. Kabete, kwenye kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna kliniki ya wanyama wadogo. Au mrudishe kwa daktari wake. Waambie wampime mishipa, na uwaonyeshe hayo makucha. Mchukue video ya simu akitembea, wewe ukiwa nyuma yake, kwa sababu mbwa akifika kliniki huacha kuchechemea kwa woga.

BabaBosco

Narudi na habari. Tumempeleka. Mishipa inaitika vizuri miguu yote, na video ilisaidia sana. Daktari anasema nyonga ya kushoto haikunjuki vya kutosha, kwa hiyo haunyanyui mguu ipasavyo na ncha za vidole zinagusa chini. Ametuongezea mazoezi: kumtembeza pole pole juu ya vijiti vilivyolazwa chini ili ajifunze kunyanyua, na kumkunjua nyonga kwa mkono akiwa amepashwa joto. Mafuta ya samaki pia ameyakubali, kwa kipimo chake yeye. Atamtazama tena baada ya muda, maana ugonjwa ule wa uti wa mgongo hauondolewi shaka kwa siku moja.

Viatu amesema vinafaa, vyepesi, vya kulinda vidole visichubuke kwenye kabro na kokoto. Porini nimvue, kama Nyambura na Kamau walivyosema, na njia ya kuteremka tumeiacha. Amenionya nimzoeshe nyumbani kwanza, kiatu kimoja, dakika chache, na chakula mkononi.

Fundi, swali kwako. Nitengeneze vya miguu ya nyuma peke yake, au yote minne? Na kama ncha ndiyo inayoburuzwa, turubai si itatoboka?

FundiNgozi_Kariokor

Tuanze na viwili vya nyuma. Ya mbele ndiyo inayomsaidia kushika ardhi sasa, tuiache wazi mpaka tuone kokoto zinaichubua au la. Cha kushoto nitakiinulia tyubu mbele, ipande juu ya vidole hadi pale makucha yanapoanzia, safu moja tu isiwe nzito. Hiyo itachakaa kabla ya soli, na ikichakaa unaniletea nabandika nyingine, si lazima kiatu kipya. Cha kulia hakihitaji, lakini nitakipa uzito sawa ili asitembee kiupande.

Njoo na karatasi za vipimo, na uandike kwenye kila moja ni mguu upi. Ukiweza mlete Bosco mwenyewe siku ya kuchukua, akanyage sakafuni kwangu kabla hujalipa. Baada ya hapo, siku za mwanzo mvue kila mkipumzika, utazame kati ya vidole na chini ya mkanda. Ukiona wekundu wowote, usimvishe tena, niletee nipanue.