Dawa za TB miezi miwili, kivuli pafuni kinakua: nitayarishe nini kabla ya rufaa?

Kliniko_Arua
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa wa miaka 58, mvutaji sigara wa siku nyingi, hana VVU. GeneXpert (kipimo cha makohozi kinachosaka vinasaba vya TB) haikuona TB mara mbili, akaanzishiwa dawa kwa dalili na eksirei. Amemaliza miezi miwili ya RHZE (dawa nne za TB za mwanzo), bado anakohoa damu kidogo, anakonda, na sauti imemkauka. Kivuli cha juu kushoto kimekua. Wenzangu wanataka tuongeze mwezi tuone. Nikimpeleka Mulago (hospitali ya rufaa ya Kampala), aende na nini?

Kifua_na_Pumzi
Huo mwezi usiongeze. Hakikisha tu kwamba dawa anameza kweli, na makohozi yaende maabara kuoteshwa vimelea, maana Xpert hukosa baadhi ya TB.

Sauti kukauka na kivuli kuwa kushoto, hapo ndipo penye hofu ya saratani. Neva ya zoloto (kisanduku cha sauti) ya upande huo hushuka hadi kifuani, ikazunguka chini ya upinde wa aota ndipo ikapanda. Uvimbe au tezi za hapo huibana. TB ya zoloto pia hukausha sauti, lakini mara nyingi huja na maumivu ya kumeza.

Mpapase juu ya mtulinga, pande zote mbili. Ukikuta tezi ngumu, itoe sampuli kwa sindano: jibu linaweza kupatikana bila bronkoskopi (kamera ya kuingia njia za hewa), na ikiwa ni saratani umejua imeshavuka pafu. Tazama pia uso na mishipa ya shingo. Vikiwa vimejaa, mshipa mkuu wa juu umebanwa, na huyo hangoji foleni ya rufaa.

CT ya kifua iwe ya dawa ya rangi, ishuke hadi kwenye ini na tezi zilizo juu ya figo. Pima kreatinini (kipimo cha figo) kwanza. Kwa bronkoskopi: asile kwa saa 6, aende na majibu ya hemoglobini na chembe sahani, na useme kama anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Bronkoskopi isipoona kitu usifurahi mapema. Uvimbe wa pembezoni haufikiwi na kamera, huo unatakiwa sindano kupitia kifuani, kisha eksirei kuangalia kama hewa imevuja.

Benchi_la_Patholojia
Mengi huharibikia kwenye chupa. Vipande vya patholojia viingie mara moja kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama, chupa ya mdomo mpana. Kipande kingine kiwekwe kwenye salaini (maji ya chumvi) safi, BILA fomalini, kwa ajili ya TB. Fomalini huua vimelea. Vyote vikizama humo, hakuna cha kuotesha tena. Saratani na TB huweza kukaa pafu moja, kwa hiyo jibu la moja halifuti la pili.

Kama kuna maji kifuani, 5 ml hazitoshi. Tuma 50 au zaidi, yakichelewa yakae kwenye friji. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, vifuniko hubadilishana. Na kwenye fomu taja dawa za TB zilianza lini. "Kikohozi" peke yake hakitusaidii.

Kliniko_Arua
Asanteni. Yupo mwingine, huyu ana VVU, ana madoa ya zambarau kwenye kaakaa na maji ya damu kifuani. Njia ni hiyo hiyo?

Kifua_na_Pumzi
Hapana, huyo fikiria Kaposi kwanza, saratani inayoandamana na VVU. Ndani ya njia za hewa hutambulika kwa macho kwenye bronkoskopi, madoa mekundu-zambarau, na wengi hawakati kipande humo kwa sababu huvuja damu. Kata kwenye ngozi kama yapo huko. ARV ziendelee, lakini Kaposi ikishafika mapafuni zinahitaji kemotherapi juu yake, kwa hiyo UCI (Taasisi ya Saratani ya Uganda) ijulishwe mapema. Wakati huo usimpe predinisoloni ili kutuliza pumzi, huichochea Kaposi.