Mjadala: Je, Marekani ifute kura za wajumbe, rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi?

Mtoa mada
Wadau, habari zenu. Mimi nasema zifutwe. Kwa utaratibu wa sasa rais huchaguliwa rasmi na wajumbe wa majimbo, na karibu kila jimbo huwapa wajumbe wote mgombea aliyeshinda humo. Kila jimbo lina wajumbe sawa na wabunge wake wa Baraza la Wawakilishi pamoja na maseneta wake wawili. Ongeza 3 wa mji mkuu, waliotokana na Marekebisho ya 23 ya Katiba mwaka 1961, unapata 538. Anayefikisha 270 anaingia Ikulu. Katika chaguzi za 1876, 1888, 2000 na 2016 aliyepitwa kwa kura za wananchi ndiye aliyeapishwa.

Na mzizi wake ni utumwa. Tarehe 19 Julai 1787, kwenye mkutano wa Katiba pale Philadelphia, James Madison wa Virginia alikiri kwamba wananchi ndio wanaofaa zaidi kumchagua rais, ila Kusini isingekuwa na nguvu kwenye kura hiyo kwa sababu watumwa wake hawapigi kura. Mfumo wa wajumbe uliiondolea Kusini shida hiyo: watumwa walihesabiwa tatu kwa tano, yaani kila watano kama watu watatu, katika kugawa viti vya wabunge, na idadi ya wajumbe ikafuata viti.

Bi Takwimu
Naunga mkono, na naleta hesabu. Sensa ya 1790: Virginia watu 747,610, watumwa wakiwa 292,627. Pennsylvania watu 434,373, watumwa 3,737. Watu huru ni karibu 455,000 kwa 431,000. Kipimo cha kiti kimoja kilikuwa watu 33,000, na masalio hayakuhesabiwa. Ukigawa watu huru peke yao, kila jimbo linapata wabunge 13. Sasa chukua tatu kwa tano ya watumwa wa Virginia, ni 175,576. Wajumlishe na watu huru, kisha gawa tena: Virginia inaruka hadi 19, Pennsylvania inabaki 13. Weka maseneta, wajumbe ni 21 kwa 15. Wote 6 wa ziada wametoka kwa watu waliofungwa minyororo. Katika miaka 36 ya mwanzo, Wavirginia walikalia urais miaka 32.

Mwanasheria
Dada, hesabu yako siipingi. Ninachopinga ni kusema utumwa ndio sababu pekee. James Wilson wa Pennsylvania, mtetezi mkubwa wa kura ya wananchi, ndiye aliyependekeza mfumo wa wajumbe tarehe 2 Juni, wiki kadhaa kabla ya kauli ya Madison. Wengi waliogopa kwamba rais akichaguliwa na Bunge atakuwa mfukoni mwa Bunge. George Mason naye alisema kuwaachia wananchi uchaguzi huo ni kama kumwachia kipofu kuamua rangi, kwa kuwa nchi ilikuwa kubwa mno watu kuwajua wagombea.

Halafu kuna jambo la utendaji ambalo wanaotaka kufuta hulipita haraka. Mwaka 2000 jimbo la Florida, lililoamua urais, lilipata mshindi kwa tofauti ya kura 537. Wasimamizi wa kaunti walishika karatasi za kura za kutoboa wakazielekeza kwenye mwanga, waone kama kipande kimetoka chote, kimening'inia kwa kona moja au kimebonyea tu. Kila kaunti ilikuwa na kipimo chake. Balaa lile lilibaki ndani ya jimbo moja. Kura ya nchi nzima ikikaribiana, majimbo 50 yataingia kwenye kazi hiyo, kila moja na sheria yake ya kuhesabu upya.

Mtoa mada
Mkuu, mwaka huohuo Al Gore, mgombea aliyeshindwa, aliongoza nchi nzima kwa zaidi ya kura 500,000. Kwa kura ya moja kwa moja, nani angekuwa na haja ya kutazama vile vipande?

Mzee wa Nyaraka
Mnapigana na kitu kisicho chenyewe. Katiba haisemi mshindi azoe wajumbe wote wa jimbo. Inaliachia bunge la jimbo kuamua namna ya kuwapata. Mwaka 1800 Virginia iliacha kuchagua wajumbe kwa maeneo ikahamia mshindi kuzoa wote, ili Thomas Jefferson asipoteze hata mmoja. Wengine wakaiga, na kufikia 1836 ni South Carolina pekee iliyobaki nje. Maine na Nebraska leo hugawa: wawili kwa mshindi wa jimbo, mmoja mmoja kwa kila eneo la ubunge. Wote wafanye hivyo, na hapahitajiki kugusa Katiba.

Bi Takwimu
Mzee wangu, kwa heshima, dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Tumia kanuni ya Maine nchi nzima kwa uchaguzi wa 2012: Mitt Romney, aliyeshindwa, anashinda kwa wajumbe 274, wakati Barack Obama alimpita kwa karibu kura milioni 5. Sababu ni mipaka ya maeneo ya ubunge, ambayo wanasiasa wa jimbo huichora wenyewe. Ukiifanya mipaka hiyo iamue urais, unawapa wachoraji sababu kubwa zaidi ya kuipinda.

Msomaji wa Kusini
Mbona tumeishia 1800? Mwaka 1876 Samuel Tilden alikuwa na wajumbe 184, akibakiza mmoja tu. Wajumbe 20 waligombaniwa, wengi wa Florida, Louisiana na South Carolina. Tume ya watu 15 ikampa mpinzani wake, Rutherford Hayes, wote 20, kila mara kwa kura 8 dhidi ya 7. Mwaka 1877 Hayes akaondoa ulinzi wa wanajeshi wa serikali kuu kwa serikali za mwisho za chama chake cha Republican huko Kusini.

Baada ya hapo likaja jambo linaloniuma kuliko lile la tatu kwa tano. Utumwa ulishafutwa, hivyo kila mtu mweusi alihesabiwa mzima katika kugawa viti. Majimbo ya Kusini yakamzuia kupiga kura kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma, Mississippi ikitangulia kwa katiba yake ya 1890, huku yakivuna wajumbe kwa kichwa chake. Marekebisho ya 14 yaliagiza jimbo la namna hiyo lipunguziwe viti. Adhabu hiyo haikutekelezwa hata mara moja.

Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kura ya moja kwa moja kwa 338 dhidi ya 70. Seneti ikaizima Septemba 1970: maseneta wa Kusini na wenzao wa majimbo madogo walirefusha mjadala makusudi, na kura ya kuufunga ikaishia 54 kwa 36. Zilihitajika 60.

Mwanasheria
Hapo kwenye adhabu isiyotekelezwa nakubaliana nawe kabisa. Ila tuwe wakweli hadi mwisho: hoja iliporudi Seneti mwaka 1979, Vernon Jordan wa National Urban League, shirika la kutetea haki za watu weusi, aliipinga. Aliona wapigakura weusi wa miji mikubwa ya Kaskazini, wakiwa ndani ya majimbo yenye ushindani, wangepoteza uzito wao.

Msomaji wa Kusini
Na wale wa Alabama na Mississippi, ambako jimbo zima huenda upande mwingine, uzito wao uko wapi?