Mchoro umeshapigwa muhuri ndipo wavuvi tunaitwa "kutoa maoni" kuhusu ufukwe wetu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwenye roho laini apite nyuzi nyingine.

Diko letu, yaani pwani tunapoegesha vyombo na kuuzia samaki, lipo mkoani Tanga. Jina silitaji, mwenyekiti wetu wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukwe) kanisihi nisilitaje maana bado anaenda kubisha hodi kwenye ofisi zao na anataka wamfungulie. Wa huku watajua. Wa kwingine hamkosi kitu, uchafu huu sidhani kama umeanzia kwetu.

Kuna mradi wa kukarabati ufukwe wa umma. Gati jipya la boti, ukuta wa kuzuia mawimbi, njia ya kutembelea ya pevingi, taa, vibanda vya kisasa, maegesho ya magari. Hakuna aliyekataa. Nalisema mapema kwa sababu najua kuna watu vidole vinawawasha kuandika "watu wa pwani hamtaki maendeleo". Sisi ndio tuliopeleka barua zamani tukiomba maji ya bomba, choo, na sakafu ya zege ili tuache kuuza samaki juu ya turubai lililotandikwa mchangani. Barua ikapotelea huko huko. Sasa mradi mkubwa umekuja, na katika vyote tulivyoomba kimeingia kimoja: choo. Tena cha kulipia, na kimewekwa kule kwenye maegesho.

Tuanze na hicho walichokiita kikao cha wadau. Kiliitishwa Jumatano saa nne asubuhi. Anayejua diko anajua saa nne ni nini. Boti za dagaa zilizokesha na taa zimeshaingia, mnada umepamba moto, dalali anapaza sauti, ndoo zinapita vichwani, kila mtu anakimbizana na jua kabla mali haijalegea. Na ilikuwa giza, mwezi umeandama juzi juzi tu, hakuna mvuvi wa dagaa aliyelala kwake wiki ile. Wangesubiri mbalamwezi wangewakuta wote wamekaa chini ya mkungu wanashona nyavu, wangeongea nao mpaka magharibi. Kulijua hilo hakuhitaji shahada, ungemuuliza mtoto yeyote wa hapa angekwambia. Na tuliwaambia. Jibu likaja kwamba ratiba ya mshauri mwelekezi imeshapangwa.

Mimi ni mchuuzi, nanunua mnadani, nakaanga, nauza. Siku hiyo nilimwachia wifi yangu beseni nikaenda. Ukumbini nikakuta wazee waliokwishaacha bahari, vijana wa bodaboda, mabwana wawili watatu wa hoteli za jirani, na maofisa wengi kuliko wenyeji. Wenye vyombo ukiwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vidole vinabaki.

Ikawashwa projekta. Picha za kompyuta nzuri kweli, usiseme. Mama na watoto wanakula aiskrimu, boti nyeupe zimefungwa gatini, bahari ya buluu haina hata jani la mwani. Nikatafuta chombo cha uvuvi kwenye picha zote. Nilikiona kimoja. Ngalawa, imewekwa kwenye bustani, imejazwa udongo na kupandwa maua. Sipigi chumvi. Ngalawa ya kuvulia wameifanya chungu cha maua, na bwana anayeonyesha anaisema kwa fahari kabisa, eti ni "kuenzi utamaduni wa mwambao".

Akasimama mzee mmoja, fundi wa mashua, mikono yake inanuka mafuta kila siku ya Mungu. Akauliza kwa adabu zake: "Mwanangu, mimi mashua nitapandishia wapi?"

"Gatini, mzee wangu."

"Gati ni la kushukia. Mimi nauliza pa kupandishia."

Kijana akarudi picha mbili nyuma, akaenda mbele moja, akasema hilo litazingatiwa katika usanifu wa kina. Basi. Swali lililobeba riziki ya diko zima likaishia hapo, tukagawiwa maji ya chupa.

Kwa msioishi na vyombo nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye kiini. Chombo cha mbao hakikai majini mwaka mzima. Likija bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakijaa mpaka juu, kinasogezwa pwani kabisa, watu wanakikokota juu ya magogo, maji yakirudi kinabaki pakavu kimeegemezwa nguzo ubavuni. Hapo fundi anapata nafasi ya kukwangua yaliyoota chini, kutoboa toboa kwa ncha ya kisu akitafuta ubao uliooza, kisha kukalafati: anasokota pamba yenye mafuta, anaipigilia kwenye mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, pigo moja moja, mpaka mwanya ukubali. Kazi hiyo ikikosewa, mashua inavuja ikiwa nje mkondoni na watu ndani. Na inahitaji kitu kimoja tu ambacho Mungu alishatupa bure, mteremko wa mchanga. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mteremko ndio unaotuwezesha kuyatumia maji hayo kama winchi.

Sasa kwenye mchoro mteremko haupo. Kuna ukuta wima kutoka mwanzo wa diko hadi mwisho wake, juu yake ngazi za watu kukaa wakitazama bahari. Mashua itapanda ngazi? Ngalawa ikisukumwa na wimbi kwenye zege lile, mrengu, yaani ule ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke, umekwenda, na mrengu ukienda umelala njaa.

Cha kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba hata hao wenye boti za starehe hawakuulizwa. Kichwa cha gati kwenye mchoro kinaishia mahali ambapo bamvua likipwa ni mchanga na mawe. Tunapajua kwa sababu kina mama wanachokoa pweza mbele ya pale kwa miguu yao, maji hayafiki magotini. Mtalii atashuka kwenye boti gani hapo? Atapanda mgongoni mwa nani? Mtu akija diko siku mbili tu, moja ya bamvua na moja ya maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, anaona kwa macho. Ila walipokuja kupima walikuja mchana mmoja, maji yamejaa, wakapiga picha, wakaondoka.

Halafu kuna suala la "eneo mbadala la wavuvi". Wametupa kona ya kusini, penye jabali. Kipindi cha kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, utaegesha chombo pale na utashukuru. Ngoja kusi, upepo wa kutoka kusini, ianze, kuanzia huo mwezi wa nne wa tano mpaka wa tisa, mawimbi yanakuja moja kwa moja bila kizuizi. Sehemu pekee yenye kinga wakati wa kusi ni pale nyuma ya mikoko, ambapo babu zetu walipachagua si kwa kubahatisha, na ndipo palipochorwa maegesho ya boti za matembezi. Yaani boti ya fiberi inayotoka Jumapili ipewe kinga, mashua inayotoka kila usiku ipewe jabali.

Na mita 60! Wakuu, hili ndilo linalonipandisha presha. Mabanda yetu ya kukaangia yalibomolewa kwa hoja ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kwamba ndani ya mita 60 kutoka ufukweni hairuhusiwi shughuli ya kudumu. Sawa, sheria ni sheria, tukahamia chini ya miembe na masufuria yetu. Leo kwenye mchoro, pale pale yalipokuwa mabanda ya makuti, kuna mgahawa wa ghorofa moja. Nilipouliza nikaambiwa huo ni sehemu ya mradi. Makuti yaliyofungwa kwa kamba ni shughuli ya kudumu, nondo na zege si ya kudumu. Mwenye akili anifafanulie.

Sheria hiyo hiyo ukisogea hadi kifungu cha 178 inasema umma una haki ya kujulishwa mapema pale mamlaka inapokusudia kufanya uamuzi unaogusa mazingira, na kujulishwa nafasi zilizopo za kushiriki. Mapema, na inapokusudia. Siku ya kikao sisi tulioneshwa michoro yenye mihuri. Pembeni kabisa kwa maandishi madogo kulikuwa na tarehe, na tarehe ile ilikuwa imetangulia barua yetu ya mwaliko kwa miezi. Nimeiona kwa macho yangu, nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Sasa sikieni kilichonifanya nifungue uzi. Tumepata kuusoma muhtasari wa kikao kile. Umeandikwa: "Wadau walioshiriki waliridhia mradi." Kuridhia kulifanyika saa ngapi? Hakuna aliyenyoosha mkono, hakuna aliyepiga kura, hakuna aliyeulizwa "mnakubali?" Ushahidi wa ridhaa ulioambatishwa nyuma ni karatasi ya mahudhurio! Ile karatasi inayozungushwa mnaandika jina, namba ya simu na sahihi ili upate nauli. Juu yake palikuwa pameandikwa "Mahudhurio" na si kingine. Swali la fundi halimo kwenye muhtasari. Langu la mita 60 halimo. Lililomo ni la kijana wa bodaboda aliyeomba sehemu ya kuegesha pikipiki, nalo limejibiwa kwa aya nzima.

BMU ipo kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya 2003, si kikundi cha kufa na kuzikana. Wakati wa kuwasaka wavuvi wa mabomu, sisi ndio tuliokuwa tunakesha, tunatoa taarifa, tunatukanwa mitaani na jamaa zetu wenyewe. Siku hizo tulikuwa "washirika wa serikali katika usimamizi wa rasilimali". Leo kwenye kuchora diko tumekuwa wahudhuriaji.

Msidhani haiwezekani kufanya vizuri. Unguja pale Forodhani palikarabatiwa, pakafunguliwa tena 2009, na jioni ukienda wauza urojo na mishikaki wapo, vijana wanajirusha baharini kama zamani. Pamependeza na wenyewe wamebaki. Na msidhani kudharau wavuvi ni bure. Jirani zetu wa Lamu walikwenda mahakamani juu ya bandari mpya, na 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema haki zao zilivunjwa, ikiwemo ya kupewa taarifa na kushirikishwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Najua Kenya ni Kenya na sisi ni sisi, na mradi wetu ni tone ukilinganisha na ule. Lakini bahari ni hiyo hiyo moja na ngalawa ni hizo hizo.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza kwa dharau, "Kwa hiyo mnataka nini, ufukwe ubaki unanuka samaki?" Kaka, diko litanuka samaki, hospitali itanuka dawa. Tunachotaka tumeshakiandika na kukipeleka: ukuta ukatwe katikati, uachwe mteremko wa kupandishia vyombo, hata ukiwa wa zege lenye mikwaruzo ili magogo yasiteleze tutaridhika. Boti za matembezi zigawane na sisi ile sehemu ya kinga wakati wa kusi. Gati lirefushwe au lisijengwe, ila lisijengwe la kupigia picha. Sakafu ya mnada yenye maji safi na mfereji, na mahali pa mashine ya barafu hata kama mashine yenyewe itakuja baadaye, kwa sababu samaki anayeoza saa sita mchana ndiye anayetufanya tukubali bei ya dalali. Na wakaangaji tupewe paa. Hakuna hapo kinachomzuia mama wa kwenye picha kula aiskrimu yake.

Tumeandika pia barua rasmi kuomba nakala ya michoro na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, tukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inayowapa siku 30 za kujibu. Siku zimekwisha. Ukipiga simu unaambiwa faili lipo kwa bosi, bosi yupo safari.

Ninachoomba kwenu wajuzi ni hiki. Vigingi vyekundu vimeshachomekwa mchangani lakini mkandarasi hajashusha hata lori moja la mawe. Kwa hatua hii pingamizi letu tulipeleke NEMC (baraza la taifa la mazingira) ofisi ya kanda au makao makuu moja kwa moja? Kuna aliyewahi kupinga muhtasari wa kikao kwa sababu karatasi ya mahudhurio imegeuzwa ridhaa, na alitumia njia gani? Na tukikusanya sahihi za wenye vyombo wote na wachuuzi, je, zipitie mkutano wa mtaa kwanza ndipo ziwe na uzito, au BMU inatosha kuzipeleka yenyewe? Mwezi unakaribia kujaa, wavuvi watakuwa nchi kavu wiki nzima, na hizo sahihi nataka nianze kuzikusanya hapo.